Nyumba Iliyojengwa Kama Bani

Jumatatu, 7 Oktoba

Mashuka ya vyumba vyote yamefuliwa. Jua la asubuhi linapiga uani moja kwa moja, shuka la kwanza lilikauka kabla sijaanika la mwisho. Joto la Oktoba halina adabu.

Mgeni wa chumba cha tatu, mnunuzi wa asali, kaondoka alfajiri. Hata chai hakungoja. Eti hakulala. Eti pangaboi langu linazungusha joto lile lile. Nikamjibu hapa ni Tabora, anayetaka baridi aende Njombe. Kisha nikaingia kutandika kitanda chake, nikatoka nahema.

Ng'ambo ya barabara wifi yangu Kalunde ameshusha viyoyozi vingine. Bado vimevaa nailoni. Kalunde ni mdogo wa marehemu mume wangu, Lukas. Mwaka juzi alifungua lodji pale, uso kwa uso na gesti yangu, utadhani kata nzima ya Ipuli hakuna kiwanja kingine. Ana marumaru. Ana madirisha ya alumini yenye vioo vyeusi. Ana maua kwenye ndoo zilizopakwa rangi.

Nina wivu. Naandika hapa maana hapa hakuna wa kunicheka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bwana afya mpya wa manispaa amekuja. Anaitwa Pazi. Mzaramo wa Kisarawe, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo kabla hajamaliza kubisha hodi tulikuwa tumeshatukanana. Ni mtani wetu tangu babu zetu walipokuwa wanabeba pembe kwenda pwani. Nikamuuliza Mzaramo gani huyu anajua kusoma. Akaniuliza Mnyamwezi gani huyu hana mzigo kichwani.

Shati limepigwa pasi. Sauti nzuri.

Akakagua. Akapima kwa tepu. Chumba cha tatu akavua kofia, akajipepea, akasema, "Mtani, hii si gesti, hili ni bani. Wageni wako wanatoka humu wamekuwa njano, bado kufungwa marobota tu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bani ni kile kibanda cha kukaushia tumbaku: moto unapita chini, majani yananing'inia juu, hewa inafungiwa mpaka majani yageuke rangi. Na kweli Lukas aliijenga gesti hii kwa pesa za tumbaku ya Urambo, na mafundi aliowaleta ni wale wale waliomjengea mabani yake shambani. Kuta nene. Kila chumba kidirisha kimoja, kidogo kama kitabu cha nyimbo, juu karibu na dari, tena kinatazama korido. Upande wa uani, ukuta mtupu. Lukas alisema ukuta ule unatukinga na jua la jioni.

Pazi anasema sheria za majengo zinataka kila chumba cha mgeni kiwe na dirisha linalofunguka nje. Hewa iingie huku, itoke kule. Na matundu ya hewa juu ya linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Nitoboe upande wa uani, anasema. Amenipa wiki mbili, la sivyo anatia kufuli. Nikamwambia atie kufuli mdomo wake. Nikamnyang'anya kofia, kama desturi, mpaka atakapokuja kuikomboa. Akacheka, akaniachia karatasi ya agizo.

Karatasi ngumu, nzuri. Nimejipepea nayo mchana kutwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jana sikuandika yote. Nilikuwa na hasira.

Pazi alipotoka kwangu alivuka kwenda kwa Kalunde. Nikachukua ufagio, nikafagia mbele ya mlango mpaka zikabaki kokoto. Alikaribishwa barazani. Akaletewa juisi ya ukwaju kwenye jagi, na barafu. Kwangu alipewa maji ya mtungi. Kalunde alikuwa anamsikiliza tu, kichwa kimeinama, kama mtu aliye kitubioni. Hakumtukana. Hakumnyang'anya chochote. Akamsindikiza mpaka getini.

Kalunde ni Mnyamwezi kama mimi. Utani wake kauweka wapi? Mwanamke akiwa mpole kwa mtani wake, kuna jambo.

Si kwamba namtaka Pazi. Simtaki. Lakini alianza kuja kwangu.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi katangaza. Mwezi ujao seminari ya Kipalapala inapata mashemasi wapya, ndugu watakuja kutoka kila upande. Kamati itapeleka wageni kwenye nyumba zilizopita ukaguzi wa manispaa tu. Akina mama wote wakageuka kunitazama. Nikajua kwa nini. Kila mwaka ndugu wa mashemasi hulala kwangu. Tangu Lukas yuko hai. Wanajua chai yangu ya tangawizi, wanajua viazi vyangu vitamu, wengine hunipigia simu Krismasi.

Kalunde alikuwa benchi la mbele. Kitenge kipya. Hakugeuka.

Wageni hawa ndio mwaka wangu. Wao ndio wananifanya niitwe Mama Nyamizi wa gesti, si mjane wa Lukas. Wakienda kwa Kalunde nitabaki na nini? Wanunuzi wa asali.

Jumanne, 15 Oktoba

Kwa Kalunde kuna fundi. Wamefunga maturubai mbele na ubavuni, huoni kitu. Ni nyundo tu kutwa. Vumbi lote linakuja kwenye nguo zangu.

Anaongeza mapambo. Namjua. Atakuwa anatengeneza nguzo za kizungu pale mbele.

Chumba cha tatu leo hakina mtu. Cha tano pia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Pazi kapita na pikipiki. Kapiga honi kwangu, kaniuliza kwa sauti, "Mtani, umeshatoboa bani?" Nikamjibu nitatoboa kichwa chako. Watu wa kijiwe cha kahawa wakacheka. Yeye hakucheka sana. Kasimama kwa Kalunde, kaingia ndani ya turubai, kakaa. Kakaa! Mpaka ugali wangu ukapoa kwenye sahani.

Kofia yake nimeitundika msumarini, sebuleni. Ina harufu ya sabuni ya mche.

Nimejiangalia kwenye kioo. Siyo mbaya. Uso umechoka, lakini siyo mbaya. Lukas hakuwahi kuniambia kama mimi ni mbaya au mzuri. Miaka yote ile, hakuna neno. Angesema tumbaku imetoka vizuri, mvua imechelewa, funga mlango. Sasa huyu Kalunde, aliyeachwa na mumewe zamani, anapata wa kukaa naye kutwa nzima. Mungu anagawa vipi?

Jumapili, 20 Oktoba

Wamempa Kalunde.

Wageni wote. Mwenyekiti kaja mwenyewe baada ya misa, kanishika mkono kama aliyefiwa. Eti wifi yako ameshakaguliwa, amepita, wewe jina lako halimo. Nikamwambia mimi pia nimekaguliwa, bwana afya katoka kwangu anacheka. Akaniangalia kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyonichoma.

Amepitaje? Vile vioo vyake havifunguki! Nilipokwenda kumpa pole ya malaria mwaka jana nilijaribu mwenyewe kufungua dirisha chumbani kwake. Kioo kizima, kimegandishwa kwenye alumini. Kiyoyozi kinapooza hewa ile ile mliyokwisha kuipumua, hakileti mpya. Pazi mwenyewe aliniambia hivyo siku ile anapima. Kwa hiyo kwangu ni kosa, kwa Kalunde ni sawa? Juisi ya ukwaju ile!

Sijala. Sina hamu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimekwenda manispaa. Nimevaa gauni la misa. Nimekaa kwenye benchi pamoja na wenye kesi za viwanja mpaka nikaitwa. Pazi hakuwepo, nashukuru. Nimemweleza dada mmoja wa afya kwamba kuna lodji Ipuli, mbele ya gesti ya Mama Nyamizi, imepitishwa na madirisha yake hayafunguki. Kaniuliza mimi ni nani. Nimesema raia mwema.

Dada kaniangalia, kisha kaangalia kitambulisho changu nilichokuwa nimekishika mkononi.

Nimerudi kwa miguu. Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi kidogo, mpaka kwenye reli. Kutoka kwenye reli kuja nyumbani sikufurahi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Naandika taratibu ili nisikosee.

Asubuhi Pazi kaja na yule dada wa afya. Wameanzia kwa Kalunde. Nikajua wameitikia wito wangu. Nikaweka kiti mlangoni, nikachambua mchele, nikatulia kuangalia sinema.

Kalunde akashusha maturubai. Hakuna nguzo za kizungu. Hakuna pambo hata moja. Kaondoa vile vioo vyote vya kugandishwa, kaweka madirisha yanayofunguka mbawa mbili, na wavu wa mbu. Juu ya kila dirisha safu ya matofali ya matundu. Nyuma vile vile, mkabala. Unasimama barabarani unaona mwanga wa upande wa pili. Dada wa afya akapita na karatasi yake anatia alama, anatia alama. Nilichambua mchele ule ule mara mbili.

Kisha wakavuka.

Pazi hakunitukana. Kanisalimia, "Habari za asubuhi, mama." Mama! Nikamwambia Mzaramo leo umeota adabu, umekula nini. Kaingia korido, kachungulia vyumba, katoka. Kaniambia hakuna tundu hata moja lililofunguliwa. Nikamwambia nazi zenu ndizo zina matundu. Katoa kufuli mfukoni. Nikacheka. Nikamwambia na hilo nitakunyang'anya. Kavuta mlango wa mbele wa korido, kapitisha kufuli kwenye komeo, na mimi nacheka, nacheka, mpaka nikasikia limelia ka.

Nikamwuliza, "Mtani, ndiyo kweli?"

Akasema, "Karatasi haikuwa ya utani, mama. Na mimi siku ile sikuwa natania tu. Nilikuwa nakuambia."

Wazee wa kahawa waliangalia vikombe vyao. Ng'ambo, Kalunde alikuwa amesimama barazani, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Hakucheka. Ningependa angecheka, ningejua la kufanya.

Maneno yale yale. Sasa nimeelewa. Kalunde naye lazima aliambiwa bani, kwa utani ule ule, siku ile ya juisi. Yeye akasikia. Mimi nikanyang'anya kofia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sitoki. Napita mlango wa uani kama mwizi nyumbani kwangu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemwita fundi Ramadhani, yule mzee wa karibu na soko. Nikamwonyesha ukuta wa uani. Kagonga kwa kidole, kaguna. Kasema mwenye kujenga hapa hakutaka kitu kipite. Kachora miraba kwa chaki, mmoja kwa kila chumba. Kaweka tindo, kanyanyua nyundo.

Nikamwambia aache.

Sijui kwa nini. Ndiyo, najua. Matofali yale Lukas aliyachoma mwenyewe. Nilimpelekea uji pale kwenye tanuri. Alikuwa na masizi mpaka kwenye kope. Hakuniachia barua, hakuniachia picha nzuri, ile ya harusi iliingia maji. Kaniachia ukuta. Sasa nimlipe mtu aubomoe ili wageni wa Kalunde wakizidi waje kwangu?

Fundi hakukasirika. Kakusanya vyombo vyake. Kasema, shikamoo yako dada, nikiitwa nitakuja. Yeye ni mkubwa kwangu na ndiye anayenipa shikamoo. Ndivyo nilivyokuwa naonekana.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kalunde kaja.

Kapita uani, hakubisha mbele kwa sababu mbele kuna kufuli. Kaniamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, kama nyumbani kwao. Kaleta chupa ya chai na maandazi. Nikajua amekuja kuniringia. Nikamwachia asimame.

Kakaa mwenyewe, kwenye kinu kilichopinduliwa. Kasema, "Wifi, najua ni wewe uliyekwenda manispaa. Nilikuona unarudi na gauni la misa Jumatatu iliyopita." Nilitaka ardhi ipasuke. Kasema hajali, angekuwa yeye angekwenda mapema zaidi.

Kisha kaangalia miraba ya chaki ukutani. Kaniuliza mbona fundi kaondoka. Nikamwambia huu ni ukuta wa kaka yako, aliujenga kunikinga na jua la jioni, sitauvunja kwa amri ya Mzaramo.

Kalunde kaniuliza, "Jua la jioni linapiga wapi, wifi?"

Nikanyoosha mkono. Mkono ukaenda wenyewe upande wa barabara. Kwenye lodji yake. Jua linazama nyuma ya lodji yake kila siku ya Mungu. Uani linapiga la asubuhi. Naanika nguo humu tangu naolewa. Loo! Mtu mzima mimi.

Akanieleza. Naandika kama alivyosema, nisisahau. Mafundi wa mabani walipofika linta walimwuliza Lukas madirisha ya uani yakae wapi. Walikuwa wanajua, mafundi wale, hata bani lina matundu yake. Lukas akasema hakuna. Wakamwambia watu wataiva humo ndani. Akasema, "Mke wangu anapika pale uani. Anafua pale. Anaimba pale akidhani hakuna anayemsikia. Mgeni analipia kitanda, halipii kumwangalia mke wangu." Kalunde alikuwa pale, kawaletea mafundi maji. Lukas akamkataza asiniambie. Akamwambia nitavimba kichwa.

"Kaka alikuwa na wivu, wifi. Wivu wa kuumwa."

Nililia. Halafu nikacheka. Halafu nikakasirika kwelikweli. Si angesema! Miaka yote ile ya funga mlango, funga mlango, nikadhani anaogopa wezi.

Nikamwuliza Kalunde kwa nini kaniambia leo, si jana, si siku ya mazishi. Alikuwa anamenya ngozi ya kidole chake. Kasema, "Nilikuonea wivu. Tangu siku ile ya mafundi. Mimi aliyenioa hakujali nani ananitazama, hata kama ningetembea sokoni bila khanga. Ningekuambiaje kitu kizuri namna hiyo wakati mimi sina?"

Tukanywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Nikamaliza kikombe.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimelala vibaya, nimeamka vizuri.

Nimezunguka nyumba nzima naangalia kuta. Kila chumba naona alivyosimama kuwaambia mafundi: hapana, hapana, hapana. Mwanaume mzima. Kagharimia gesti nzima kisha kaifanya bani, wageni wakaushwe humo miaka yote, ili wasinione nasonga ugali.

Najisikia kama msichana. Aibu.

Fundi Ramadhani nimemtumia ujumbe aje kesho.

Jumatano, 30 Oktoba

Kaanza. Nyundo ya kwanza nilifumba macho. Ya pili nikafumbua. Matofali magumu, fundi anatukana kwa heshima, anamtaja marehemu kisha anamwombea rehema. Tofali la kwanza lilipotoka, hewa ya chumba cha tatu ilitoka nayo. Nimeisikia usoni. Ilikuwa na harufu ya wageni wote waliowahi kulala mle.

Tofali hilo nimeliweka kando. Lina alama ya kidole gumba. Sijui kama ni chake.

Jumamosi, 2 Novemba

Madirisha yamefika. Mbao, mbawa mbili, wavu. Siyo alumini. Kalunde kashauri alumini, nimemkatalia, na amenuna kidogo. Afadhali. Akiwa mwema kila siku sitamzoea.

Fundi kapanga matofali ya matundu juu ya linta. Ukiwa kitandani unaona vipande vidogo vya mbingu.

Jumanne, 5 Novemba

Pazi kaja kukagua. Kapima. Kafungua dirisha la chumba cha kwanza, kafungua kidirisha cha korido, kawasha kiberiti katikati. Moto ukalala upande mmoja. Kawasha kingine chumba cha pili. Ukalala. Kapita vyumba vyote hivyo hivyo, na mimi nyuma yake nimeshika mikono tumboni kama nasubiri majibu ya hospitali. Chumba cha tatu moto ulizimika kabisa kwa upepo. Kasema, "Hiki sasa kimezidi," na hapo nikajua utani umerudi.

Kafungua kufuli. Nikaenda sebuleni nikaleta kofia yake. Kaikomboa kwa nazi moja, aliyokuwa nayo kwenye begi la pikipiki siku zote hizi. Kasema alijua siku moja nitatoboa. Nikamwambia Mzaramo huwezi kujua kitu, nazi yenyewe mbovu.

Siyo mbovu. Nimepikia maharage.

Akavuka kwenda kwa Kalunde kunywa juisi. Nilifagia mbele ya mlango. Kidogo tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Wageni wa mashemasi wameanza kufika. Mabasi mawili madogo, mbele ya kwa Kalunde. Mashangazi, mizigo, kuku kwenye kikapu. Wananipungia mkono, wale wa miaka iliyopita. Mmoja kavuka kunikumbatia, kisha karudi kule. Wameshapangwa kule, hakuna la kubadili.

Imeniuma. Siandiki kwamba haijaniuma.

Vumbi limejaa vyumbani kwangu sasa madirisha yapo. Nafagia mara mbili kwa siku. Zamani hata nzi alikuwa hapati njia.

Ijumaa, 8 Novemba

Jioni Kalunde kaniletea mgeni mmoja. Mama mzee kutoka Urambo, mama wa shemasi, anatembea kwa fimbo. Kiyoyozi kinamuumiza magoti na kukizima hajui, na vijana aliolala nao chumba kimoja wanakitaka. Kaomba mahali pa hewa ya kawaida. Kalunde kasema hivyo hivyo, hewa ya kawaida, bila kunitazama.

Nimempa chumba cha tatu. Kaingia, kaangalia kuta, kapapasa, kasema, "Huyu aliyejenga alikuwa mtu wa tumbaku." Nikamwambia ndiyo, bibi. Alikuwa mume wangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama mzee kaondoka na wenzake asubuhi kwenda Kipalapala kumwona mwanawe akilala kifudifudi mbele ya altare apewe ushemasi. Kavaa kitenge cha njano. Kabla hajaondoka kaniambia amelala kama mtoto, na asubuhi ameamshwa na mtu anaimba uani. Kasema wimbo ulikuwa mzuri ila ubeti wa pili nimeukosea. Kweli huwa naukosea.

Mtaa kimya. Kwa Kalunde kimya, wote wamekwenda kanisani. Mimi nimebaki kuwachemshia chai watakayoikuta wakirudi. Ndiyo, chai ya tangawizi ni yangu mwaka huu pia. Kalunde kaniomba mwenyewe.

Nimeingia chumba cha tatu kutandika. Shuka, mto, neti. Nikasimama dirishani. Sijawahi kusimama pale, maana pale palikuwa ukuta. Nikachungulia uani kama mgeni aliyelipia kitanda. Nikaona kigoda changu karibu na jiko. Sufuria limepinduliwa. Khanga yangu ya bluu kwenye kamba. Ndala, moja imelala upande. Hicho ndicho Lukas alichokuwa anakificha. Hicho tu.

Nimekaa pale dirishani mpaka upepo ukaisukuma khanga ikafunika kamba nzima. Kisha nimeacha dirisha wazi, nimetoka nje, nimewasha moto.